Mimba Nje ya Mji: Shida ya Mbwa Jike Isiyoonekana Upesi

Mkulima wa skimu ana ng'ombe wake wa maziwa, ana kondoo wachache, ana viazi ghalani na mahindi shambani. Usiku yeye hulala, na anayekesha ni mbwa. Mbwa akibweka, mwenye nyumba huamka. Asipobweka, mwizi huingia bandani na fisi huingia katika zizi la kondoo. Basi mbwa ni mmoja wa watumishi wa shamba, na mbwa jike ni mtumishi na tena mama wa watumishi. Walakini wakulima wengi ambao wanajua siku ng'ombe wao atakapozaa hawajui hata mwezi ambao mbwa wao atazaa.

Leo tutaeleza shida moja impatayo mbwa jike mwenye mimba, nayo ni mtoto kukaa nje ya mji wa mimba. Si shida ya kila siku. Daktari wa wanyama aweza kufanya kazi miaka mingi asiione ila mara chache. Lakini yafaa mkulima aijue kwa sababu mbili. Kwanza, mara nyingi huanza kwa jambo ambalo mtu angeweza kulizuia. Pili, mbwa mwenye shida hii aweza kuonekana amepona, kumbe hajapona.

MJI WA MIMBA WA MBWA ULIVYO

Mji wa mimba wa mbwa haufanani na wa binadamu. Umeumbwa kama panda ya manati. Una mpini mfupi, na pembe mbili ndefu zinazoelekea mbele, moja kulia na moja kushoto. Watoto hujipanga ndani ya pembe hizo kama njegere ndani ya ganda, kila mmoja na chupa yake ya maji na kondo lake. Kondo la mbwa ni kama mshipi uliomzunguka mtoto, na kwa njia ya kondo hilo mtoto hupata chakula na hewa kutoka katika damu ya mama yake.

Watu husema, "Mtoto yumo tumboni." Maneno hayo yatosha kwa mazungumzo, lakini hayatoshi kwa somo letu, maana tumbo na mji wa mimba si kitu kimoja. Fikiri gunia la viazi lililopakiwa katika gari. Viazi vimo ndani ya gari, lakini mahali pake ni ndani ya gunia. Gunia likipasuka, viazi humwagika sakafuni. Bado vimo ndani ya gari, lakini havimo tena ndani ya gunia, wala huwezi kuvitoa kwa kufungua mdomo wa gunia. Gari ni tumbo la mbwa, ambamo mna matumbo, ini na wengu. Gunia ni mji wa mimba. Viazi ni watoto.

MTOTO HUTOKAJE NJE YA MJI?

Kwa wanawake, mimba ya nje ya mji aghalabu hushika ndani ya mrija upitishao yai. Mrija huo ukipasuka, mama hutoka damu nyingi ndani ya tumbo na maisha yake huwa hatarini. Kwa mbwa mambo ni tofauti. Kiungo kitoacho mayai kimefunikwa na kijifuko ambacho karibu kinakizunguka chote, kwa hiyo si rahisi yai kupotea njia na kuangukia tumboni.

Kwa hiyo karibu kila mara mimba ya mbwa huanza vizuri, ndani ya mji, na baadaye mji hupasuka au hutoboka, na mtoto huanguka tumboni. Mambo yanayoweza kupasua mji ni haya:

1. Pigo. Mbwa mwenye mimba kubwa amegongwa na gari au pikipiki, amepigwa teke na ng'ombe, au amepigwa rungu.

2. Uzazi mgumu. Mtoto mkubwa au aliyelala vibaya ameziba njia, na mama anasukuma kwa saa nyingi mpaka ukuta wa mji umechoka.

3. Sindano ya kuongeza uchungu, iitwayo oksitosini, iliyotolewa bila kupima. Dawa hii hukaza mji kwa nguvu. Ikiwa njia imezibwa, mtoto hana pa kupita, na mji waweza kupasuka.

4. Mkono au kamba ya mtu aliyejaribu kumvuta mtoto kwa nguvu.

Ukiyatazama mambo haya manne, utaona kwamba mengi yake yako chini ya ulinzi wa mwenye mbwa.

YANAYOWAPATA MTOTO NA MAMA

Mtoto akitoka nje ya mji, kondo lake kwa kawaida hubanduka, na damu ya mama haimfikii tena. Basi hufa. Hata kama angeishi muda kidogo, hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida, maana hayumo tena katika njia hiyo.

Kwa mama, mambo yaweza kwenda kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutoka damu nyingi ndani ya tumbo. Ufizi wake huwa mweupe badala ya kuwa wa rangi ya waridi, miguu huwa baridi, moyo hupiga mbio, naye hulegea. Mbwa huyu aweza kufa siku ile ile.

Njia ya pili ni uchafu na vijidudu kuingia tumboni. Utando wa ndani ya tumbo huwaka, mbwa hupata homa, hutapika, hukataa chakula, na tumbo lake huwa gumu na lenye maumivu. Asipotibiwa upesi, hufa.

Njia ya tatu ndiyo idanganyayo watu. Ikiwa hakuna vijidudu, na damu haikutoka nyingi, kidonda cha mji huweza kufunga chenyewe. Mwili wa mama humzunguka mtoto aliyekufa na kumfunika kwa nyama ya kovu. Mtoto hukauka, na pengine chokaa hujikusanya juu yake mpaka huwa mgumu kama jiwe. Mbwa hurudi kula, hurudi kubweka, na mwenye mbwa hudhani mambo yamekwisha. Baadaye, pengine baada ya miezi au hata miaka, mtu hushika tumbo lake akasikia kitu kigumu kinachoteleza. Au vijidudu humwingia mtoto yule mkavu, na ugonjwa huanza wakati ambapo hakuna mtu akumbukaye ule uzazi. Au matumbo hushikamana na kovu lile yakazibika. Kwa hiyo mbwa aliyetulia si lazima awe mbwa aliyepona.

HESABU SIKU ZA MIMBA

Huwezi kujua kwamba uzazi umeharibika kama hujui ulipaswa kuwa lini. Mbwa huchukua mimba kwa muda wa siku 63 hivi, yaani miezi miwili na siku chache. Ukihesabu tangu siku alipopandwa, mbwa aweza kuzaa kati ya siku ya 57 na ya 72, kwa sababu mbegu za dume huweza kungoja yai kwa siku kadha ndani ya mwili wa jike.

Tuseme mbwa wako alipandwa tarehe 1 Machi. Siku ya 57 ni tarehe 27 Aprili. Siku ya 63 ni tarehe 3 Mei. Siku ya 72 ni tarehe 12 Mei. Andika tarehe hizo katika daftari lile lile uandikamo siku za ng'ombe. Kama amepandwa zaidi ya mara moja, andika siku zote.

Ukiwa na kipima-joto, jambo jingine laweza kukusaidia. Joto la kawaida la mbwa ni kama digrii 38 na nusu. Katika saa 24 kabla ya kuzaa hushuka kwa kiasi cha digrii moja, mara nyingi likawa chini kidogo ya 37 na nusu. Joto likishuka hivyo, kisha siku nzima ikapita bila mbwa kuanza kuzaa, mwone daktari.

Anapozaa, hesabu watoto na uandike saa ya kila mmoja. Hesabu na makondo pia, ingawa mara nyingi mama huyala kabla hujayaona, na hilo si baya.

DALILI ZA KUKUFANYA UMWITE DAKTARI

Usingoje asubuhi wala siku ya soko iwapo utaona mojawapo ya mambo haya:

1. Mbwa anasukuma kwa nguvu kwa nusu saa na mtoto hatoki.

2. Uchungu dhaifu umeendelea kwa saa mbili bila mtoto, au saa nne zimepita tangu mtoto wa mwisho nawe unajua kwamba wengine bado wamo.

3. Maji ya kijani au meusi yanatoka kabla ya mtoto wa kwanza. Rangi hiyo huonyesha kwamba kondo limeanza kubanduka.

4. Uchungu ulikuwa mkali, kisha umekoma ghafula, na mbwa amelegea au ufizi wake umekuwa mweupe.

5. Siku zake zimepita na hakuzaa, na tumbo lililokuwa limejaa limeanza kupungua.

6. Amegongwa au amepigwa teke akiwa na mimba, hata kama anatembea.

7. Amezaa, lakini baadaye ana homa, anatapika, anakataa watoto wake, au unasikia kitu kigumu tumboni mwake.

Dalili ya nne yataka kukumbukwa sana. Uchungu ukikoma bila mtoto kutoka, wengine hufurahi wakisema mbwa amepumzika. Yawezekana amechoka tu, lakini yawezekana vile vile kwamba mji umepasuka.

SHIDA NYINGINE ZINAZOFANANA NA HII

Si kila tumbo lililovimba lina mtoto. Kuna mimba ya uongo, ambayo huja miezi miwili hivi baada ya joto. Mbwa hutoa maziwa, hutengeneza kitanda, na hata hulea kiatu kana kwamba ni mtoto wake, wala hana mimba. Hali hii mara nyingi huisha yenyewe.

Kuna pia usaha ndani ya mji wa mimba. Huu ni ugonjwa wa hatari, nao huja majuma machache baada ya joto, zaidi kwa mbwa wa makamo na wazee. Mbwa hunywa maji mengi na kukojoa sana, hukosa hamu ya kula, na pengine usaha humtoka nyuma. Ni ugonjwa wa kawaida kuliko mimba ya nje ya mji, nao unaua.

Tena kuna mtoto aliyekufa akabaki ndani ya mji wenyewe, au uvimbe wa wengu, au maji tumboni. Kwa macho na mikono yako huwezi kuzitenga shida hizi.

JINSI DAKTARI APIMAVYO

Daktari ataanza kwa maswali. Alipandwa lini? Amezaa wangapi, na saa ngapi? Je, alipigwa? Je, alipewa sindano au dawa yoyote? Hapo ndipo daftari lako litakapofanya kazi. Jibu kweli, hata kama jibu si la kujisifu. Daktari asipoambiwa habari ya sindano iliyokwisha kutolewa, aweza kupotea njia katika matibabu.

Kisha ataangalia ufizi, atapima joto na mapigo ya moyo, na atapapasa tumbo. Baada ya hapo picha ya eksrei husaidia sana, lakini ina wakati wake. Mifupa ya watoto haionekani vema mpaka kama siku ya 45 ya mimba, kwa kuwa kabla ya hapo haijawa migumu. Katika picha daktari hutafuta mtoto aliyelala mahali pasipo pake, mbali na kivuli cha mji. Hutafuta pia alama za mtoto aliyekufa, kama vile mifupa ya kichwa kupandana, au hewa ndani na kando ya mwili wake.

Chombo kingine ni altrasaundi, kitumiacho mawimbi ya sauti. Hiki huweza kuonyesha moyo wa mtoto ukipiga tangu siku ya 25 hivi, na huonyesha kama kuna maji au damu tumboni. Hata hivyo vyombo vyote viwili vyaweza kuacha shaka, na mara nyingine daktari hupata hakika siku ya kufungua tumbo tu.

MATIBABU NI KUPASULIWA

Hakuna sindano itakayomrudisha mtoto ndani ya mji, wala hakuna dawa ya kienyeji itakayomtoa tumboni. Matibabu ni operesheni. Kama mbwa amelegea, kwanza hupewa maji ya mshipani ili apate nguvu. Kisha hupewa dawa ya usingizi, na daktari hupasua katikati ya tumbo. Humtoa mtoto pamoja na ngozi na kondo lake, huachanisha nyama za kovu zilizoshika matumbo, na huutazama mji ili aone palipopasuka. Aghalabu hutoa na mji wenyewe pamoja na viungo vya mayai, ili shida isirudi. Kama mna uchafu, huosha tumbo kwa maji safi ya chumvi yaliyopashwa joto, halafu hutoa dawa za kuua vijidudu na za kutuliza maumivu.

Mkulima aweza kuuliza, "Akitolewa mji, watoto waliozaliwa salama watanyonya nini?" Watanyonya mama yao. Maziwa hayatoki katika mji wa mimba, na mbwa aliyeondolewa mji huweza kuendelea kunyonyesha mara atakapozinduka na kupata nguvu. Wakati mama amelala, watoto wawekwe mahali penye joto. Usiwape maziwa ya ng'ombe matupu kwa siku nyingi, kwani ni mepesi kuliko ya mbwa. Muulize daktari chakula kiwafaacho.

Operesheni hii ni gharama, nasi hatutaficha hilo. Yampasa mkulima amwulize daktari mapema gharama ni kiasi gani na tumaini ni kiasi gani. Mbwa aliyeletwa siku ya kwanza ana tumaini kubwa kuliko aliyeletwa siku ya nne akiwa na tumbo lililooza. Ikiwa hali imekwisha kuharibika kabisa, au fedha hazipo, mwombe daktari ampumzishe mbwa bila maumivu. Kumwacha afe polepole nyuma ya ghala si kuokoa fedha, ni ukatili.

KUMPELEKA NA KUMTUNZA

Mbwa mwenye maumivu huweza kumuuma hata bwana wake. Mfunge mdomo kwa kitambaa kabla ya kumwinua, lakini usifanye hivyo ikiwa anatapika au anahema kwa shida. Mlaze juu ya gunia au ubao, mfunike, mpeleke bila kumtikisa. Usimpe chakula njiani. Usimpe vidonge vya watu vya kutuliza maumivu, kwa kuwa vingi vyake ni sumu kwa mbwa. Ukishika watoto waliokufa au makondo, vaa mipira ya mikono au mifuko ya plastiki, kisha nawa kwa sabuni, na uvizike ndani ya shimo refu.

Tangu 2013 huduma za mifugo mashambani ziko chini ya serikali za kaunti. Basi uliza katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe, nao watakuonyesha daktari. Kwa sheria ya 2011, atibuye wanyama hana budi kuandikishwa na Bodi ya Veterinari ya Kenya, nawe una haki ya kumwomba akuonyeshe cheti chake. Si kila mahali pana eksrei. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha udaktari wa wanyama huko Kabete, na Chuo Kikuu cha Egerton kina chake huko Njoro.

Baada ya operesheni, mweke mbwa mahali pakavu, mbali na ndama. Mzuie kulamba kidonda. Mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi, na dawa zote mpaka ziishe, hata kama ameanza kuchangamka. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Kidonda kikivimba au kutoa maji, mrudishe.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUTIBU

Kama hutaki watoto wa mbwa, mpeleke jike akatolewe mji na viungo vya mayai angali mzima na mwenye nguvu. Hiyo ni operesheni ya mchana, iliyopangwa, nayo ni nyepesi kuliko ile ya usiku wa hatari. Mbwa huyo hatapata mimba, wala usaha wa mji, na atalinda boma kama kawaida.

Kama wataka watoto, basi mlinde mama yao. Anapokuwa na joto, muda wa majuma matatu hivi, mfungie ndani ili ujue ni dume gani na siku gani. Mimba ikiwa kubwa, mweke mbali na barabara na miguu ya ng'ombe. Usimpige. Siku ya kuzaa mweke mahali patulivu, umtazame kwa mbali. Usiingize mkono, usivute kwa kamba, wala usimruhusu mtu kumpiga sindano ya uchungu kabla daktari hajahakikisha kwamba njia iko wazi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Andika siku mbwa wako alipopandwa, uhesabu siku 63.

2. Hesabu watoto wanaozaliwa, na saa zao.

3. Uchungu uliokoma bila mtoto ni dalili mbaya.

4. Sindano ya uchungu bila kupima yaweza kupasua mji wa mimba.

5. Mtoto aliye nje ya mji hutolewa kwa operesheni tu.

6. Mbwa aliyekuwa na uzazi mgumu akapimwe, hata kama anakula na kubweka.

Daftari na kalamu havina gharama kubwa. Mkulima aliyeandika tarehe moja tu, ile ya kupandwa, amempa daktari mahali pa kuanzia kazi.